Siku Redio Ilipopumzika

Walisema sitamaliza miezi mitatu. Shemeji yangu alisema nitalilia uji wa mama kabla wino wa visa haujakauka. Mwenye duka pale njia panda, niliyemwomba nauli, alinikopesha huku akiwaambia wateja wake kwamba pesa hizo amezitupa mtoni. Nilipokwenda chuoni kuchukua cheti changu cha diploma ya usimamizi wa hoteli, mwalimu wangu mmoja aliniuliza kama nimesoma miaka yote hiyo ili nikawafungulie watu mlango. "Wewe una mdomo," aliniambia. "Kule wanataka mgongo."

Nilikaa miaka tisa. Niliingia Dubai nikiwa mlinzi wa mlangoni, nikatoka nikiwa msimamizi wa walinzi katika majengo matatu, na katika kundi letu la watu kumi na wanane waliopanda ndege ile moja, hakuna mwingine aliyefika hapo. Nilijifunza Kiarabu cha kutosha kumchekesha mtu mwenye hasira, na Kihindi cha kutosha kununua mboga. Wadogo zangu watatu wamesoma kwa jasho langu. Nyumba ninayoandikia haya ina kuta za mawe na choo cha ndani, na kila jiwe nililipia mwenyewe. Hakuna aliyenibeba.

Hivyo ndivyo ninavyopenda kusema. Lakini kuna mtu mmoja ambaye nikifika kwake katika masimulizi yangu huwa nampita haraka, na leo nataka nisimame.

Alikuwa mlinzi mwenzangu katika jengo moja la Jumeirah Lake Towers, Mhindi wa kusini kabisa, mkoa wa mashamba ya miwa. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye masharubu aliyoyatunza kwa kichana kidogo cha mfukoni. Alikuwa amefika Dubai miaka mitano kabla yangu. Mimi ndiye niliyepandishwa kuwa msimamizi wa zamu yetu, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kizuri na nilikuwa na cheti. Siku hiyo alinipa mkono, na tangu hapo akaniita sir, bila kinyongo nilichoweza kukiona.

Kambini, kule Al Quoz, tulilala sita chumba kimoja: Wakenya watatu, Waganda wawili na yeye, ambaye tulizungumza naye kwa Kiingereza. Hakula nyama, hakula yai. Mende akipita ukutani, sisi tuliruka na ndara. Yeye alimfunika mende kwa kikombe, akasukuma karatasi chini yake, akamtoa nje kama mgeni aliyekosea mlango.

"Buda," Mkenya mwenzangu mmoja alimwambia, "ukimtoa kwa mlango anarudi kwa dirisha na ndugu zake."

"Basi nitawatoa na ndugu zake," alijibu.

"Na siku mwizi akiingia kwa ile jengo? Utamfunika na kikombe?"

Tulicheka mpaka vitanda vikalia. Mganda mmoja akasema mwizi ataletewa na chai. Yeye naye alicheka, akaosha kikombe chake mara mbili na kukirudisha rafuni. Tukamwita mla majani, na mimi nilikuwa wa kwanza kulitumia jina hilo kazini.

Kazi yetu ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote, tuliyofundishwa siku ya kwanza na kukumbushwa kila asubuhi kwenye foleni: tazama, andika, ita kwa redio, usiguse mtu. Ukimgusa mpangaji, hata kama yeye ndiye mwenye makosa, unaweza kujikuta kituo cha polisi, kisha uwanja wa ndege. Niliipenda sheria ile. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa amani. Mimi ni mtoto wa kanisa, nimelelewa na neno la kugeuza shavu la pili, na siku moja wakati wa chakula nilimweleza neno hilo, nikitaka ajue kwamba hata sisi tuna dini ya upole.

Tulikuwa tumekaa kwenye chumba chetu kidogo nyuma ya mapokezi, yeye na wali wake wa dengu, mimi na kuku wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni neno zuri, sir," alisema. "Shavu lako ni lako, unaweza kuligeuza. Na shavu la jirani yako? Nalo unaligeuza wewe?"

Nilimwambia asinitege. Alisema hanitegi, hata kwao watu hubishana juu ya jambo hilo tangu zamani. Akaniambia wana neno, ahimsa, maana yake ni kutomdhuru kiumbe chochote, kwa mkono, kwa ulimi wala kwa moyo, na kwamba bibi yake alimfundisha neno hilo kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana ya mende na kikombe. "Lakini bibi alisema pia, anayekunja mikono wakati mnyonge anapigwa, naye amepiga. Kutopiga kwa sababu unaogopa si ahimsa. Ni woga uliovaa nguo safi."

Kisha alifungua mlango wa kabati lake la chuma. Ndani ya mlango alikuwa amebandika picha ya mungu wao wa kike, mwenye mikono mingi, amempanda simba, kila mkono umeshika silaha, na mkuki mmoja umezama kifuani mwa zimwi. Nilimwambia kwa dhihaka kwamba mungu wake hajasikia habari za ahimsa.

"Usitazame mikono," alisema. "Tazama uso."

Nilitazama. Ulikuwa uso wa mama anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Hakukuwa na hasira hata kidogo.

"Kwanza maneno," alisema, akihesabu kwa vidole vyenye punje za wali. "Maneno yakishindwa, weka mwili wako katikati. Mwili ukishindwa, tumia mkono, na mkono uishie pale hatari inapoishia. Ukiona hasira imeingia, rudisha mkono, kwa sababu sasa unajipigania mwenyewe."

Leo nina kikosi changu kidogo cha walinzi katika mji wetu, na maneno hayo ninamfundisha kila kijana ninayemwajiri, kidole kwa kidole. Wananisifu kwa hekima. Sijawahi kuwaambia nimeyatoa wapi.

Kila mwaka joto linapoanza kupungua, watu wa kwao wana siku ya kuheshimu vifaa vya kazi. Askari huweka chini silaha, fundi huweka nyundo, mwanafunzi huweka vitabu. Vifaa husafishwa, hupakwa alama ya unga mwekundu, huvishwa maua, kisha hupumzika. Havitumiki mpaka kesho yake. Kambini niliwaona madereva wa mabasi yetu wakiweka ndimu chini ya magurudumu na kuzikanyaga kabla ya kuondoka, maana basi haliwezi kupumzika siku ya kazi. Yeye kwa miaka yote alikuwa akiomba zamu ya mapumziko siku hiyo. Mwaka ule hatukuwa na watu wa kutosha, nikamnyima.

Asubuhi alinijia ameshika redio yake ya mkononi na tochi. Alikuwa amezisafisha zikang'aa, na kila moja ilikuwa na nukta nyekundu.

"Sir, naomba jambo moja. Zipumzike kabatini mpaka zamu iishe. Nitasimama mlangoni kama kawaida. Wewe una redio, na utakuwa mezani mita kumi kutoka kwangu. Nikihitaji kitu nitakuita kwa sauti."

Nilikuwa na deni naye la fadhila. Wiki mbili kabla alinishikia zamu nusu siku nikaenda Al Rigga kununua viatu vya ngozi vya kurudia nyumbani. Na siku ile nilikuwa na furaha, nilikuwa nimesikia kwamba nafasi ya msimamizi wa majengo matatu itajazwa mwezi ujao na jina langu limetajwa.

"Weka," nilisema. "Mimi ndiye mkubwa hapa. Nani atauliza?"

Hatukuandika popote. Ruhusa ya kumwacha mlinzi bila redio haikuwa yangu kuitoa, na nilijua. Aliziweka kabatini chini ya ile picha, akaweka maua ya njano aliyonunua Bur Dubai, akafunga mlango taratibu.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Lifti ilifunguka, akatoka mpangaji mmoja wa ghorofa za juu akimburuta kwa kitambaa cha kichwa mfanyakazi wake wa ndani, dada wa Kiganda tuliyezoea kumsalimia akishuka kumpokea mtoto kwenye basi la shule. Mkono wa pili wa bwana yule ulishika chupa ya maji ya mtoto, ya chuma. Alimpiga nayo begani, kisha kichwani. Ninaikumbuka sauti yake, ilikuwa sauti ya kitu kitupu. Damu ilimtoka juu ya sikio.

Yule dada aliinua macho, akaniona mezani. Mbali na yeye tulikuwa watu watatu tu pale chini, na kati yetu ni mimi peke yangu niliyejua Kiswahili.

"Kaka," aliniita. "Kaka yangu, nisaidie!"

Nilisimama. Hilo nililifanya, nilisimama. Nilishika redio yangu na kubonyeza, nikasema kuna tatizo mapokezi, walete mtu. Kisha nikarudi nyuma hatua moja, mgongo wangu ukagusa ukuta wa marumaru, na marumaru ilikuwa baridi. Niliwaza neno "visa". Nikamwaza shemeji yangu akipiga makofi kwa kicheko.

Mwenzangu hakuelewa lile neno kaka. Alitoka mlangoni akitembea, hakukimbia.

"Sir, please," alimwambia bwana yule. "Inatosha, sir. Anatoka damu."

Bwana alimwambia aende zake, akainua chupa tena. Yeye akaingia katikati. Chupa ilimpata yeye kwenye mfupa wa shavu, nikaona kichwa chake kikienda upande na kurudi. Chupa ilipoinuka tena aliudaka mkono ule kifundoni, akauzungusha, akamteremsha bwana yule mpaka magoti yakagusa sakafu, polepole, kama mtu anayeshusha gunia la mayai. Chupa ikaanguka ikabingirika mpaka miguuni pangu. Alimshika hivyo, hakusukuma wala hakutukana. Mkono ule ulipolegea, akauachia palepale, akarudi nyuma hatua tatu na kukunja mikono yake mbele.

Nilimtazama usoni. Shavu lilikuwa limeanza kuvimba, lakini nilikuwa nimeuona uso ule mahali.

Mpangaji mmoja mwanamke alikuwa ameingia kutoka nje na kuona mwisho wake. Alimfunga yule dada kichwa kwa skafu yake, akampeleka kliniki kwa gari lake mwenyewe. Walipopita mbele ya meza yangu nilisema, "Pole, dada." Hakugeuka.

Kesho yake akaja meneja kutoka ofisi ya kampuni yetu, mtu wa haraka, mwenye faili. Tuliitwa sote wawili kwenye kile chumba cha nyuma. Meneja alisema ameitazama kamera mara mbili. Bwana yule amelalamika kwamba alipigwa, lakini kamera inaonyesha hakupigwa, na yule mpangaji mwanamke aliyempeleka dada kliniki ameandika barua kumtetea mlinzi. Moyo wangu ulitulia. Nilidhani yameisha, khalas.

"Kinachonisumbua ni kingine," meneja alisema. "Huna redio kiunoni. Sheria inasema uite kwanza. Ungekuwa na redio ungeita, usingemgusa mtu. Mwenye jengo ameuliza hilo, na mimi sina jibu. Redio yako ilikuwa wapi?"

"Kabatini, sir. Jana ilikuwa siku ya kuheshimu vifaa vya kazi. Niliomba ruhusa."

"Kwa nani?"

Hakunitaja. Alinitazama tu, kwa utulivu, akiniachia nafasi niseme mwenyewe. Nadhani hakuwa na shaka hata kidogo.

"Wewe ulimpa?" meneja aliniuliza.

Nilikuwa nimevaa vile viatu vipya. Nakumbuka nilivitazama.

"Hapana, sir," nilisema. "Mimi sikujua."

Meneja akamgeukia. "Basi nani?"

Ningekuwa mimi, ningepiga kelele. Ningeapa kwa mama yangu. Yeye alisema, "Nimeshasema niliomba, sir. Sina la kuongeza." Meneja akaandika. Walimfutia visa yake na kumkatia tiketi, miaka yake yote ya kazi ikaishia pale kwa kosa la kuacha kifaa cha kazi bila idhini.

Alasiri ya siku aliyoondoka nilimkuta chumbani anafunga sanduku kwa kamba. Wale wengine walikuwa kazini. Shavu lilikuwa limegeuka rangi ya zambarau. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, mimi mwenye mdomo, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Unajua nina madeni nyumbani," nilimwambia. "Ningepoteza kazi, watu wale wangenila mzima."

"Mimi pia nina madeni," alisema. "Nina mabinti wawili."

"Mbona hukunitaja?"

Alikaza fundo la kamba kwa goti. Hakuniita sir. "Kutaja ningeweza. Neno langu na lako, meneja angeamini lako, wewe ndiye mkubwa. Ungelazimika kudanganya mara ya pili, na mimi ningekukasirikia. Sikutaka kuondoka na hasira." Kisha akaninyooshea kidole, nikaona kwamba hasira ilikuwepo, aliishikilia kama alivyoushikilia mkono wa yule bwana. "Lakini usije ukamwambia mtu kwamba wewe ni mtu wa amani."

Alichukua sanduku mwenyewe. Nilipotaka kulishika upande mmoja alilihamishia mkono wa pili.

Mwezi uliofuata nilipewa majengo matatu. Nilinunua simu mpya. Mganda wa chumbani kwetu aliniambia yule dada amesaidiwa, amerudi kwao na mishahara yake yote, na kwamba alikuwa amemwuliza sana habari za yule Mhindi, jina lake na kijiji chake. Kuhusu mimi hakuuliza. Nilimtafuta yule mwenzangu kwa simu mara moja, miaka miwili baadaye. Aliyepokea alizungumza lugha nisiyoijua, nikakata.

Nilirudi nyumbani na pesa. Nilitaka kila aliyenikopesha alipwe siku moja, mahali pamoja, mbele ya mwenzake, ili pasiwe na wa kusema hakuona. Niliwaita Jumamosi. Mke wangu alipika kuku na chapati, viti vikaazimwa kanisani. Walikuja wote: mwenye duka, mjomba aliyeuza ng'ombe kwa ajili yangu, shangazi aliyetoa akiba yake yote ya chama cha akina mama, jirani aliyeniandikia mkataba mbele ya chifu. Nilimpa kila mmoja bahasha yake na kitu cha juu. Mwenye duka alisimama, akasema mbele ya watu kwamba alinidharau na anaomba radhi. Nilingojea maneno hayo miaka tisa, na yalikuwa matamu kama nilivyodhani.

Kisha mjomba, ameshiba, akanyoosha miguu. "Haya, mwanangu, tupe habari. Kazi ya ulinzi, miaka yote hiyo. Hukuwahi kukutana na mtu mbaya?"

Sikuwa nimepanga. Nilifungua mdomo na ikatoka: lifti, chupa ya chuma, dada wa watu anavuja damu. Nilisimama nikawaonyesha jinsi nilivyoingia katikati, jinsi nilivyoudaka mkono, jinsi nilivyomshusha yule bwana polepole bila kumpiga hata kofi. Nilisimulia vizuri. Mwenye duka alipiga paja lake. Mke wangu alinitazama kama hajawahi kuniona.

"Na ulikuwa peke yako?" mjomba aliuliza. "Hukuwa na mwenzako?"

"Alikuwepo mmoja," nilisema. "Mhindi. Alirudi nyuma akajibana ukutani."

Walicheka, wakamsema. Jirani alisema wanaume wengine ni suruali tu.

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anaifunga bahasha yake kwenye pindo la leso. "Msimcheke mtoto wa watu," alisema. "Hamjui aliogopa nini."

Niliinua birika nikamwongezea chai. Kisha niliwasindikiza mmoja mmoja mpaka barabarani, nikiwashika mikono, na jua lilipotua hapakuwa na mtu katika kijiji chetu aliyekuwa ananidai.